Asilimia mbili ya nini?

Makala inasema bima hulipia paa jipya baada ya mvua ya mawe hapa Dallas. Ni kweli, lakini ndugu zangu, someni mkataba kwanza. Kwa uharibifu wa mawe, sehemu ya malipo unayobeba mwenyewe, ambayo bima haikulipii, mara nyingi ni asilimia, tena si ya gharama ya paa, ni ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2, unatoa 6,000 mfukoni! Sisi tulilijua hilo tukiwa tayari tunazoa chembe nyeusi za vigae vya paa letu, zilizobanduliwa na mawe, kama mchanga, chini ya bomba la mfereji. Na fundi akibisha hodi akidai atakusamehe ile sehemu unayobeba mwenyewe, mkatalie. Sheria ya Texas inakataza tangu Septemba 2019.