Kusajili Vifaa vya Ujenzi: Nondo si Mlango

Tangu mwaka 2017 kampuni ya Madaster ya Uholanzi imekuwa ikihifadhi kidijitali "pasipoti" za majengo, yaani kumbukumbu za vifaa vilivyotumika, wingi wake na mahali vilipo, ili jengo likibomolewa vifaa hivyo vipate mnunuzi badala ya kuishia kuwa vifusi. Je, mpango wa aina hiyo unaifaa Nairobi?

Kutumia tena si jambo geni hapa. Kilimani na Kileleshwa, ambako nyumba za zamani zinaondolewa kupisha magorofa, wabomoaji huanza kushusha mabati, kisha hung'oa milango, fremu za madirisha, mbao za paa na masinki, na aghalabu vitu hivyo huwa vimeshapata wenyewe kabla ukuta haujaanguka. Mnunuzi wa mlango haulizi ulikotoka. Anaugonga, anatazama kama umeliwa na mchwa, anaupima, kisha wanapatana bei. Kuudai mlango huo cheti ni kumbebesha mchuuzi gharama bila kumwondolea mnunuzi hatari yoyote.

Nondo ni habari nyingine. Chuma kilichotolewa kwenye zege kikanyooshwa kwa nyundo huonekana kizima, ilhali kukunjwa na kukunjuliwa kumekipunguzia uwezo wa kupinda bila kukatika, na dosari hiyo haionekani kwa macho ya fundi, hata awe mzoefu kiasi gani. Jengo la mtaa wa Huruma, Nairobi, lilipoporomoka Aprili 2016 na kuua makumi ya watu (sidai kwamba nondo kuukuu ndizo zilizoliangusha), jiji lilikumbushwa gharama ya kutojua kilichomo ndani ya kuta.

Wanaohofia kwamba sajili ya vifaa vya namna hiyo itageuzwa fimbo ya kuwachapia wanyonge wana hoja. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme, na kwa miezi kadhaa mchuuzi mwaminifu akakosa riziki sawa na mwizi. Hata hivyo, mkasa huo naona unaitetea sajili zaidi ya unavyoipinga, kwa kuwa aliyekuwa na uthibitisho wa chanzo cha chuma chake angekuwa na la kujitetea.

Kasoro kubwa ni muda: jengo linaloandikiwa kumbukumbu leo huenda likabomolewa baada ya miaka hamsini, na yanayobomolewa sasa hayana kumbukumbu zozote. Kwa hiyo ningeanzia kwenye kibali cha kubomoa, mwenye jengo atakiwe kuorodhesha na kupima nondo na vyuma vinavyobeba uzito tu, kwa gharama yake mwenyewe, na milango iachiwe soko.