Sakafu ya Mzungu

Kikao cha ukoo kilikaa Kirumba, Mwanza, kikaamua nyumba ya babu iuzwe. Iko Kiabakari, barabara ya Musoma, ukishapita Bunda. Hakuna aliyetaka kuhamia huko, na kodi ya mpangaji haikutosha hata kununua bati. Mimi nikateuliwa kuwapeleka wateja kwa sababu, kwa maneno ya baba mdogo, "wewe huna kazi maalumu." Nina kibanda cha vocha, lakini tuyaache.

Kiabakari enzi za mkoloni palikuwa na mgodi wa dhahabu, na babu alitoka Magu kwenda kuchimba humo. Ukafungwa miaka ya 1960, wakati wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola 35 tu, bei iliyoshindwa kulipa jasho la kuitoa shimoni. Siku hizi bei imepaa, vijana wamerudi na sururu zao. Hilo dalali hakuliweka kwenye tangazo. Aliandika: "Nyumba ya familia, mazingira tulivu, majirani hawasumbui."

Akapatikana mwalimu mstaafu na mkewe, waliotaka mahali pa kufugia kuku, tena karibu na kituo cha hija, maana mama ni Mkatoliki wa kwelikweli. Tuliondoka Buzuruga alfajiri. Dalali alianza kusifia nyumba tukiwa bado hatujatoka stendi.

Sebuleni mzee akaona popo darini. "Popo hawakai nyumba yenye joto," dalali akamwahi. Tukaingia jikoni. Mama akagonga sakafu kwa kisigino, akatega sikio.

"Mbona inalia?"

"Mama! Hii ni sakafu ya Mzungu! Simenti ya mgodini hii!" Dalali akaruka, akatua. Kimya. Akatutazama kwa ushindi, akaruka tena. Safari hii mguu wa kulia ulizama mpaka pajani.

Kabla hatujapumua, sauti ikatoka chini.

"Oya! Toa mguu huo, unatuzibia hewa!"

Mama akaanza Salamu Maria. Nikamshika dalali makwapa, nikavuta. Huko chini nao walikuwa wanamsukuma, kwa hiyo alichomoka upesi, ila bila kiatu. Kwenye tundu kikachomoza kichwa chenye tochi, kimejaa vumbi jeupe. Kilipomwona mzee, kikazima tochi kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hapa ni kwa nani?"

"Marahaba," mzee akajibu. Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. "Na ninyi mmepitia wapi?"

"Duara letu, shimo la kuchimbia, liko kule nyuma ya mwembe. Tumefuata mwamba wa dhahabu tu, mzee. Mwamba ndio umetuleta huku." Kisha akainua mkono. "Kiatu hiki cha nani?"

Mzee akamgeukia dalali. "Si ulisema majirani hawasumbui?"

Dalali alikuwa amekaa sakafuni, goti limechubuka, suruali imepasuka. Hakukubali. "Si umeona mwenyewe, mzee? Wamesalimia."

Biashara ikafia jikoni. Mzee na mama wakaenda zao kituo cha hija, nadhani sasa walikuwa na sababu ya ziada. Nikampigia baba mdogo, nikamweleza jiko limetoboka na watu wako chini ya nyumba. Nilitegemea pole. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Huo mwamba unaelekea chumbani au sebuleni?"

Nilipofika Mwanza usiku, kikao kingine kilikuwa kimeshaanza. Nyumba haiuzwi tena. Shangazi, aliyesinzia kikao kizima cha kwanza, anakumbuka vizuri sana kwamba marehemu alimwachia yeye jiko. Baba mdogo anasema hana ugomvi, yeye apewe choo tu, kwa kuwa tayari kina shimo. Dalali naye ameleta madai yake: kiatu kilirudishwa, lakini anasema bila mguu wake mwamba usingejulikana, kwa hiyo anataka hisa.