Je, ni lini? Pensheni ya wazee na swali tunalolidharau

Anayefuatilia kipindi cha maswali bungeni Dodoma ameshalisikia mara nyingi. Mbunge anasimama, anaomba swali lake lipatiwe majibu: je, ni lini Serikali itaanza kuwalipa pensheni wazee wote, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa? Naibu Waziri anasogea kwenye kipaza sauti. Serikali inatambua na kuthamini mchango wa wazee. Wasiojiweza wanahudumiwa kupitia TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, na kupitia msamaha wa matibabu. Pensheni kwa wote itaangaliwa kadiri uwezo wa bajeti utakavyoruhusu. Yanafuata maswali mawili ya nyongeza, kisha zamu inakuwa ya barabara ya jimbo jingine.

Watu ninaowaheshimu huniambia kwamba maswali ya "je, ni lini" ndiyo yanayolishusha Bunge letu. Wanasema mbunge huuliza ili kipande cha video kifike kwenye makundi ya WhatsApp ya jimboni kabla ya adhuhuri, na kwamba kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati na kwenye mjadala wa bajeti. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Mbunge anayewaulizia wazee mwezi Aprili, halafu Juni akapiga kura ya ndiyo kwa bajeti isiyo na hata shilingi moja ya jambo hilo, amejijibu mwenyewe. Hata hivyo swali hili moja naona linastahili kutetewa, na sababu ya kwanza imo ndani ya Katiba.

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu unaofaa ili mtu apate haki yake ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni maneno mazito, na uzee umetajwa kwa jina lake. Ila ukirudi nyuma kidogo, ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake mzee aliyekosa msaada hana wa kumshtaki. Kinachobaki ni ibara ya 63, inayompa mbunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haki ambayo hakimu amekatazwa kuigusa inaishi kwa kuulizwa tu. Ndiyo maana sioni aibu mbunge akiliuliza swali lile lile kila mwaka.

Zanzibar hawakuishia kwenye kuuliza. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha pensheni jamii: kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kupimwa umaskini wake wala kuulizwa kama ana mtoto Muscat. Fedha zilitoka kwenye bajeti yao wenyewe, wala hazikusubiri mfadhili. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nao mwaka 2018 waliufungua mpango wao wa Inua Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, ingawa malipo yao yamekuwa yakichelewa na wabunge wao wanasimama kuuliza kama wa kwetu.

Nina bibi Muheza, na bibi mdogo, nduguye tumbo moja, aliyeolewa Unguja akabaki huko. Wote wamevuka miaka 70. Huyu wa Muheza alilima maisha yake yote: mihogo, mahindi, machungwa ya shamba la mume. Hakuna mfuko uliowahi kumkata wala kumwekea chochote. Analea wajukuu watatu, watoto wa binti yake aliyeko Dar es Salaam, na kila Jumapili jioni huwa ameishika simu mkononi. Binti akipata, anatuma. Asipopata, anasema, "Mama, nikipata nitakutumia." Bibi hamlaumu, anajua mwanawe anauza nini na kodi ya chumba ni kiasi gani. Hata hivyo duka la jirani lina daftari, na jina lake liko humo, mstari juu ya mstari: sukari robo, mafuta ya kupima, unga kilo mbili, kalamu. Fedha ikiingia inalipa yaliyoliwa mwezi uliopita, na mwezi mpya unaanza kwa kukopa.

Yule wa Unguja naye si tajiri. Lakini anajua tarehe. Pesa yake akishaipokea huifunga kwenye pindo la kanga, anaitoa noti moja moja, na ya kwanza siku zote huenda kwa wajukuu, madaftari au ndara. Nilipomtembelea mara ya mwisho kulikuwa na harusi mtaani, wanawake wakipita na orodha ya mchango. Zamani, alinieleza, walikuwa wakifika mlangoni kwake wanampita kwa huruma. Siku hizi wanamsimamisha. Alitoa 2,000 na akataka jina lake liandikwe.

Nimeyatazama maisha ya ndugu hawa wawili kwa miaka, na ninachokiona ni kwamba fedha ya mzee haikai kwa mzee. Tunapojadili pensheni tunamfikiria mtu mmoja amekaa barazani, mwisho wa safari yake. Nenda kijiji chochote uhesabu watoto wanaolelewa na bibi zao kwa sababu mama yuko mjini, baba hajulikani, au wote wawili wametangulia. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016, na hilo ni jambo kubwa. Sare haikufutwa lakini, wala viatu, wala mchango wa chakula cha mchana shuleni. Vitu hivyo vinatoka mfukoni mwa nani? Katika nyumba nyingi vinatoka kwa mtu mwenye miaka 74 ambaye hana kipato chenye tarehe. Mtoto asiyechangiwa chakula anaangalia wenzake wakila makande, na kesho yake anachelewa kuamka makusudi. Ukimlipa bibi umemlipia mtoto huyo sahani yake, na hukuhitaji kuunda idara mpya ya watoto.

Sasa upande wa Serikali, ambao hauna upumbavu wowote. Zanzibar ilipoanza, wazee wake waliostahili hawakufika elfu thelathini. Bara ni nchi nyingine kwa ukubwa: sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 59 upande huu. Na pensheni haina gia ya kurudi nyuma. Barabara unaweza kuisimamisha katikati mkandarasi akadai. Mzee aliyezoea kupokea kila mwezi huwezi kumwambia mwaka huu mapato hayakwenda vizuri. Waziri wa Fedha anayeogopa kuahidi jambo la namna hiyo anafanya kazi yake.

Tuihesabu basi, kwa sababu jibu la "uwezo wa bajeti" huwa linatolewa bila hesabu. Kila wazee milioni moja wakilipwa 50,000 kwa mwezi, ni shilingi bilioni 600 kwa mwaka. Wakilipwa 20,000, kiwango walichoanzia Zanzibar, ni bilioni 240. Bajeti ya Serikali ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Bilioni 600 ni kama asilimia moja ya hiyo. Bilioni 240 haifiki hata nusu asilimia. Najua sehemu kubwa ya trilioni hizo ina wenyewe kabla hazijaingia, deni la Taifa na mishahara ya watumishi. Najua pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inadai fedha za kuwagharamia wasio na uwezo, na wazee wengi wamo humo. Lakini hesabu hiyo inageuza mjadala. Kitu cha nusu asilimia kwa kila wazee milioni moja hakiitwi kisichowezekana, kinaitwa kisichochaguliwa, na mbunge ana haki ya kuuliza kimeachwa kwa ajili ya nini.

Hoja ya pili ya Serikali ni TASAF: kwa nini tumlipe kila mzee, akiwemo mkurugenzi mstaafu mwenye nyumba tatu, wakati tuna mpango unaowatafuta maskini wenyewe? Mpango wa kunusuru kaya maskini umefikia zaidi ya kaya milioni moja, na nimeona mabati yaliyoezekwa kwa ruzuku yake. Sitaki uguswe. Ila umejengwa kwa lengo jingine. Mlengwa anatakiwa ainuke, aanzishe mradi wa kuku au mbuzi, kisha kaya yake ihitimu itoke ili wengine waingie. Kwa mama wa miaka 35 mpango huo una maana kabisa. Mzee wa miaka 78 atahitimu kwenda wapi? Mwaka ujao hatakuwa na nguvu kuliko mwaka huu. Tena kuchagua maskini kijijini, ambako karibu kila mtu ni maskini, huleta majina yaliyorukwa na majina yaliyopenyezwa. Kaya zisizostahili zimewahi kubainika na kuondolewa. Umri haubishaniwi kwenye mkutano wa kijiji. Na yule mkurugenzi mstaafu, jina lake lipo tayari kwenye mifuko ya pensheni ya waajiriwa, PSSSF au NSSF, kumtoa ni kazi ya kulinganisha orodha mbili.

Kuna wanaohofia kwamba Serikali ikimlipa mzee, watoto wataacha kumtunza. Hofu hiyo naielewa, maana sisi tumelelewa tukijua mzazi ni mzigo wa heshima. Kwa bibi yangu wa Unguja nimeona kinyume chake: wanawe wanamtumia kama zamani, ila sasa wakimtembelea hawakuti deni.

Msamaha wa matibabu nao uko kwenye jibu la Naibu Waziri kila mara. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee asiyejiweza wa miaka 60 na zaidi hutibiwa bure. Nilimsindikiza bibi kwenye kituo kimoja cha afya, tukapita dirisha la wazee, tukaonwa na daktari bila kulipa, kwa adabu nzuri. Tulipofika dawa, vidonge viwili kati ya vitatu havikuwepo, tukaandikiwa kwenye karatasi tukanunue nje. Bibi aliikunja karatasi ile mara nne akaiweka kifuani. Siku ile nilikuwepo, nikanunua. Huduma ya bure humfaa mzee mwenye shilingi kidogo ya kujazia palipopungua, na hiyo shilingi ndiyo tunayoibishania.

Jibu la Serikali, ukiliondolea maneno ya kiofisi, linafanana na lile la binti wa Dar es Salaam: nikipata nitakutumia. Binti nina sababu ya kumwelewa, hana bajeti inayosomwa bungeni. Serikali inayo. Mzee aliyefikisha miaka 70 leo alikuwa mtoto mdogo siku ya Uhuru, alihamishwa na Operesheni Vijiji akiwa kijana, na rika lake ndilo lililokwenda kwenye vita vya Kagera. Hana muda wa kungoja uwezo uruhusu bila kuambiwa utaruhusu mwaka gani.

Kwa hiyo kwa mbunge atakayelileta tena, ushauri wangu ni kwenye maswali yale mawili ya nyongeza, ambayo mara nyingi huishia kwenye shukrani. La kwanza: je, Serikali iko tayari kuanza na wenye miaka 80 na zaidi, kwa shilingi 20,000, kisha kushuka kidogo kidogo hadi 70? La pili: itakuwa kwenye bajeti ya mwaka gani wa fedha, na fungu gani? Naibu Waziri akisema uwezo haupo, atasema haupo kwa kiasi gani, na kiasi hicho kitaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ambako mbunge mwingine anaweza kukikuta mwaka unaofuata.