Sauti za Wazee Wetu Zinaishi Nyumba ya Kupanga

Mwaka juzi ukurasa wa ukoo wetu kwenye mtandao wa kijamii ulifungwa. Tuliamka asubuhi, haupo. Miaka minne ya shangazi kusimulia habari za milimani kwa Chasu, lugha yetu Wapare, na ya wajukuu walioko Dar na ughaibuni kuuliza "neno hili lina maana gani?", yote imeyeyuka. Kosa letu lilikuwa video ya dakika kumi na mbili: mzee kachuchumaa juu ya majani ya mgomba anapasua mbuzi, anataja kila kipande kwa jina lake na nani katika ukoo hupewa. Mashine ya mtandao ule iliona damu, basi. Binamu yangu aliyekuwa msimamizi aliandika kulalamika mara tatu, akajibiwa na mashine ileile. Nakala hatukuwa nayo. Simu iliyorekodi ilishauzwa.

Hatukuwa na wa kumlaumu. Ukipanga chumba bila mkataba, mwenye nyumba akikutolea vyombo nje utaviokota barabarani.

Tangu hapo nimekuwa nikiwataja Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wale wa Kaitāia kaskazini kabisa, mpaka watu nyumbani wamenichoka. Kule kuna redio ya makabila ya eneo hilo, Te Hiku Media, iliyoanza mwaka 1990. Kwa miaka mingi walirekodi wazee, wakiwemo waliolelewa kwa Kimaori kabla Kiingereza hakijaingia sebuleni. Ilipofika zamu ya kuyaweka mazungumzo hayo kwenye intaneti, njia ya mkato ilikuwepo, ileile tuliyopita sisi: pakia kwenye mtandao wa bure. Wakakataa, wakajenga jukwaa lao.

Mwaka 2018 wakataka kompyuta ielewe Kimaori kinachosemwa. Waliwaomba watu wasome sentensi kwa sauti, na kwa siku kumi tu wakapata zaidi ya saa 300 za sauti. Nadhani hesabu hiyo haielezwi na teknolojia. Watu walisoma kwa sababu aliyeomba ni redio yao, sauti inayotangaza misiba yao. Baadaye kampuni moja ya Marekani ikaja kutafuta sauti za Kimaori kwa malipo ya dola 45 kwa saa. Te Hiku hawakuuza. Wana leseni yao wenyewe, imejengwa juu ya neno kaitiakitanga, yaani uangalizi: redio si mmiliki wa sauti hizo, ni mlezi tu, na faida yake sharti iwarudie wenye lugha.

Ukijua walikotoka huoni ajabu. Sheria ya mwaka 1867 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya shule zao, na watoto walichapwa kwa kusema Kimaori. Sisi tuliovishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili shuleni tunaielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Kimaori kilikuja kuwa lugha rasmi mwaka 1987 tu. Mtu aliyenyang'anywa lugha kwa fimbo, kisha akaambiwa sasa anaweza kuinunua kama huduma, lazima aulize maswali.

Kuna atakayeniambia nina ndimi mbili. Mimi huyu nilisoma sentensi za Kiswahili kwenye Common Voice, mradi wa shirika la Mozilla wa kukusanya sauti za kufundishia kompyuta lugha, ambako sauti hutolewa bila masharti, achukue anayetaka. Ni kweli, na sijutii. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni mia moja. Ni mto, ukichota ndoo haukauki. (Na tuseme ukweli, mto huohuo umekwishazoa mashamba ya lugha nyingi za nyumbani, Chasu ikiwemo.) Wahadzabe pale Eyasi hawafiki hata elfu mbili. Saa chache za mazungumzo yao ni sehemu kubwa ya walicho nacho, na watalii wanaowapiga picha na kuzitundika mitandaoni sijui huwa wanamwomba nani ruhusa.

Sisemi tuihame mitandao. Vijana wako huko, na seva, yaani kompyuta ya kutunzia tovuti yako mwenyewe, inataka hela na umeme usiokatika. Ninachogombania ni kwamba kinachopakiwa kiwe nakala, asili ibaki nyumbani, na ukoo uwe umekubaliana nani anaitunza na nani aulizwe kabla haijatoka. Tovuti ya pamoja ya koo kadhaa, kwa jina letu wenyewe, ni gharama ya michango ya harusi moja. Harusi ya kawaida tu.

Desemba iliyopita tulichinja mbuzi mwingine, tukarekodi upya, safari hii kwenye diski mbili: moja kwa shangazi, moja kwangu. Yule mzee wa video ya kwanza alikuwa ameshafariki. Waliobaki walifika shingoni wakakwama: mmoja anasema ni ya wajomba, mwingine anasema haijawahi kuwa ya wajomba hata siku moja. Wakabishana karibu nusu saa, nyama inapoa. Tumeyaacha yote humo.