Mwacheni Mama Hillary amalize

Tangu matokeo ya mchujo wa Democrats West Virginia, Hillary Clinton dhidi ya Obama, yatoke jana usiku, Mei 13, 2008, simu yangu haijanyamaza, na karibu kila meseji ni ile ile, huyu mama atoke, anangoja nini, anatuharibia. Wengine wameenda mbali, wanawaita watu wa West Virginia washamba na wabaguzi wote kwa jumla. Jamani! Mimi ni mtu wa Obama tangu Iowa na ndio maana naumia, tukiendelea na huu mdomo tutamchongea mtoto wetu wenyewe kabla ya uchaguzi wa Novemba.

Hesabu tunaijua. Hillary kachukua asilimia 67 kwa 26 lakini wajumbe hawamtoshi, na wale wajumbe maalum wa chama, vigogo wanaojichagulia wenyewe wa kumuunga mkono, wameanza kuhamia kwa Obama. Imebaki Kentucky na Oregon tarehe 20, Puerto Rico Juni mosi, Montana na South Dakota tarehe 3. Tumesubiri tangu Januari, tunashindwa na wiki tatu? Obama mwenyewe alishasema mwezi wa Machi mama abaki kwenye kinyang'anyiro muda anaotaka, sasa sisi tunamfukuza kwa niaba ya nani?

Na hao mnaowaita washamba. Bill Clinton alishinda West Virginia 1992 na 1996. Mwaka 2000 Al Gore, mgombea wetu wa Democrats, akaipoteza, na zile kura 5 ambazo jimbo hilo linahesabiwa katika kumchagua rais angezipata, Bush hangeingia Ikulu hata wakimwachia Florida yote. Kura 5 tu, tukapata miaka minane ya Bush na vita vya Iraki! Sasa mchimba makaa wa kule amepanga foleni jana, kampigia anayempenda, wewe unamwambia kura yake upuuzi na mgombea wake angetoka zamani, halafu Novemba umwendee kumwomba kura, atakusikiliza kweli?

Sisi Wakenya ndio tusiohitaji kufundishwa hili. Mwaka jana chama cha upinzani cha ODM waligawanyika Agosti hata kabla ya mkutano wa Kasarani wa kuteua mgombea urais, Raila huku Kalonzo kule, kila mtu na watu wake. Desemba Kibaki akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura kama 230,000, na Kalonzo peke yake alikuwa amebeba zaidi ya 800,000. Ya KICC, kule matokeo yalikotangazwa, siyarudii, vidonda bado vibichi, watu wako kambini hadi leo. Lakini hizo 800,000 huwa nazifikiria sana.

Haya, kuna wanaonitajia 1980, Kennedy alivyomng'ang'ania Rais Carter, Democrat mwenzake, hadi mkutano mkuu wa chama Agosti, Reagan akaja akabeba majimbo 44. Ni kweli, na Hillary akitaka kutupeleka hadi mkutano mkuu wa Agosti huko Denver kwa ajili ya wajumbe wa Florida na Michigan wanaobishaniwa nitapiga kelele na nyinyi. Lakini Juni 3 sio Agosti. Na yale aliyosema wiki iliyopita, kwamba wafanyakazi weupe wako upande wake, yaliniuma, bado yananiuma. Ila wanaompigia ni mamilioni, wengi akina mama watu wazima waliongoja maisha yao yote kumwona mwanamke akifika hapa, wakituona tunamzomea watabaki nyumbani siku ya kura na hatutakuwa na la kuwaambia.

Kama kuna wa kusukumwa ni wajumbe maalum ambao mpaka leo hawajasema wako upande gani. Montana ikimaliza kuhesabu waseme wiki hiyo hiyo, hadharani, kwa majina yao.