Kiongozi wa wauguzi wa dharura: abaki kwenye zamu au ahamie ofisini?

Chama cha wauguzi wa dharura kinapokaribia uchaguzi, kuna swali ambalo halimo kwenye fomu ya kugombea lakini kila mtu huliuliza: huyu bado anashika zamu? Akijibu ndiyo, wapo wanaompa kura palepale, na wapo wanaoanza kuhesabu vikao atakavyokosa. Akijibu kwamba aliacha zamani, hesabu inageuka. Vikao atahudhuria vyote, ila ya saa tisa usiku, machela zimejaa na simu ya wodini haipokelewi, bado anayakumbuka?

Wanaotaka kiongozi wa zamu wana methali yao tayari: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wana na historia pia. Chama cha wauguzi wa dharura cha Marekani, ENA, kilizaliwa mwaka 1970 baada ya makundi mawili kuungana. Moja lilikusanywa na Anita Dorr huko Buffalo, New York, na jingine na Judith Kelleher kule California, kila mmoja upande wake wa nchi. Malalamiko yao yalikuwa yaleyale: chumba cha dharura kilichukuliwa kuwa mlango tu wa hospitali, na muuguzi aliyesimama pale mlangoni hakuhesabiwa kuwa na ujuzi wake mahsusi. Dorr ni mmoja wa wanaotajwa kuwa walibuni toroli la dharura, lile lenye droo za dawa na vifaa vinavyohitajika moyo wa mgonjwa unaposimama. Mfano wa kwanza ulitengenezwa nyumbani kwake. Alikuwa amechoka kuona watu wanakimbia huku na kule kutafuta kifaa kimoja kimoja ilhali dakika zinakwisha.

Toroli lile, kwa maoni yangu, linaeleza kazi ya chama cha kitaaluma kuliko katiba yoyote. Muuguzi mmoja aligundua ujanja wa kuokoa dakika mbili, na leo ujanja huo ni utaratibu hata kwa wasiowahi kusikia jina lake. Chama kipo ili ujanja wa mtu mmoja usife naye. Dorr alifariki mwaka 1972, chama kikiwa bado kichanga, na toroli likabaki.

Basi muuguzi wa zamu huingia na nini kwenye chumba cha mkutano? Wengi husema huruma, au uchungu wa kazi. Mimi hoja hiyo huwa hainishawishi sana, maana uchungu hata aliyestaafu anao. Anachoingia nacho ni kujua kanuni inakatikia wapi. Chukua suala la wagonjwa wanaosubiri vitanda. Daktari ameamua mgonjwa alazwe, na kwenye mfumo wa hospitali huyo tayari ni mgonjwa wa wodini. Kimwili bado yuko kwenye machela, ukutani, mbele ya mlango wa chumba cha dharura. Dawa zake za saa kumi na mbili anampa muuguzi wa dharura. Muuguzi huyohuyo ndiye anayepokea ajali inayoshushwa kwenye gari la wagonjwa, na ndiye anayewapanga wapya kwa uzito wa hali zao. Takwimu ya mwezi itasema wastani wa kusubiri kitanda ni saa kadhaa. Haitasema kwamba katika saa hizo mtu mmoja alikuwa anafanya kazi za idara mbili zenye taratibu mbili, fomu mbili, na madaktari wawili wanaomwita kwa wakati mmoja. Aliyeondoka kwenye zamu miaka mitano iliyopita ataisoma ile takwimu na kuielewa. Aliyetoka zamu juzi ataulizia kile ambacho takwimu imekiacha.

Vivyo hivyo kwa namna ya kuwapanga wagonjwa. Kipimo kinachotumika sana Marekani, ESI, kina ngazi tano, kuanzia 1 ya anayeweza kufa sasa hivi hadi 5 ya anayeweza kusubiri. Kilibuniwa na madaktari wawili wa dharura mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2019 ENA ikawa mmiliki wake. Maana yake ni kwamba chama cha wauguzi ndicho kinachoamua kipimo hicho kifundishwe vipi na kirekebishwe wapi. Ni mamlaka makubwa. Katika ngazi hizo tano, ya 3 ndiyo inayomtesa mwenye zamu: kundi kubwa la watu wasio mahututi, wasio wazima, ambao baadhi yao watabadilika vibaya wakiwa kwenye kiti cha kusubiria. Ningependa katika meza inayorekebisha kipimo hicho awepo angalau mtu mmoja aliyewahi kumgeukia mgonjwa wa ngazi ya 3 baada ya saa tatu na kumkuta amebadilika rangi.

Upande huu wa hoja una nguvu, na ningeweza kuishia hapo. Ila tuangalie suala la ukatili dhidi ya wauguzi, maana hapo mambo yanachanganyika.

Chumba cha dharura hakifungi mlango. Huingia mlevi, aliyechanganyikiwa, ndugu aliyepewa habari ya kifo dakika moja iliyopita, na aliyesubiri saa nane. Wauguzi hupigwa, hutemewa mate, hutishiwa, na kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba hiyo ni sehemu ya kazi. Mwaka 2019 ENA na chama cha madaktari wa dharura wa Marekani walianzisha kampeni ya pamoja ya kukataa kunyamaza. Mwaka huohuo Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuwalazimisha waajiri wa sekta ya afya kuwa na mpango wa kuzuia ukatili kazini. Likaupitisha tena mwaka 2021. Mara zote mbili ulikwama Seneti.

Mtu aliyepigwa kazini akisimama mbele ya wabunge, sauti yake haina mpinzani. Ushuhuda wa namna hiyo hausomwi kwenye karatasi. Lakini muswada uliokwama hausukumwi na ushuhuda. Unahitaji mtu wa kurudi kwenye ofisi zilezile mwaka baada ya mwaka, anayejua nani alibadili msimamo na kwa nini, na msaidizi yupi wa mbunge ndiye husoma barua. Rais wa ENA hukaa madarakani mwaka mmoja. Mwaka unaotangulia huwa rais mteule na unaofuata hubaki kwenye bodi kama rais aliyemaliza muda, kwa hiyo si kwamba anatokea hewani na kutoweka. Hata hivyo mwaka mmoja ni mfupi kuliko umri wa muswada wowote wenye maana.

Uongozi ukiwa wa mwaka mmoja, tena wa mtu mwenye zamu za saa kumi na mbili, kumbukumbu ya chama huhamia kwa watumishi wa kudumu wa sekretarieti. Mara nyingi ni watu wazuri, wanaojua kazi yao. Ila hawakuchaguliwa. Kiongozi wa zamu anafika kwenye kikao akiwa na usingizi, amesoma nusu ya makabrasha, na pendekezo lililoandaliwa na ofisi linapita kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kulipinga. Kwa hiyo chama kinachojivunia kuongozwa na watu wa zamu kinaweza kuwa, kwa vitendo, ndicho kinachoongozwa na ofisi kuliko vyote.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wa dharura hawapendi kuambiwa. Kinachowafanya hodari kazini kinaweza kuwa udhaifu mezani. Muuguzi wa dharura hufundishwa kufanikisha kwa kilichopo. Machela zimekwisha, atatumia kiti. Mwenzake hajafika, atabeba wagonjwa wake. Kila anapofanikiwa, tatizo linafichika, na aliyelisababisha anapata ushahidi kwamba mambo yanawezekana. Mpeleke mtu huyu kujadiliana na waajiri kuhusu idadi ya wauguzi kwa zamu. Akiambiwa bajeti haitoshi, akili yake huanza yenyewe kutafuta njia ya kuziba pengo, kwa mazoea ya miaka mingi, na kabla hajajua ameshatoa suluhisho la bure. Mezani inatakiwa tabia ya pili kabisa: kukaa kimya mbele ya tatizo na kuliacha litazamwe jinsi lilivyo. Kujua kunguni wa kitanda si kujua useremala.

Je, hiyo ni sababu ya kuwaachia uongozi mameneja na wahadhiri? California inatoa jibu lenye pande mbili. Mapema miaka ya 1990 wauguzi wa kawaida walichukua uongozi wa chama cha wauguzi cha jimbo hilo, na mwaka 1995 wakakitoa katika chama kikuu cha taifa, ANA. Lawama yao ilikuwa kwamba uongozi wa kitaifa uko karibu zaidi na wasimamizi na wasomi kuliko na anayemhudumia mgonjwa. Mwaka 1999 jimbo likapitisha sheria ya idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, ikaanza kutumika mwaka 2004. Katika idara ya dharura ni wagonjwa wasiozidi wanne kwa muuguzi mmoja. Wapenzi wa uongozi wa zamu huitaja California kama ushindi wao, na wana haki. Ila wasisahau kwamba kilichoshinda kilikuwa chama cha wafanyakazi, chenye waratibu wanaolipwa mshahara na kampeni iliyodumu miaka. Wauguzi wa zamu walitoa mwelekeo, na kuna watu waliolipwa kuufuatilia kila siku.

Uingereza nayo ilionyesha hatari iliyo upande wa pili. Mwaka 2018 chama cha wauguzi cha huko, RCN, ambacho ni cha kitaaluma na cha wafanyakazi kwa pamoja, kiliwashauri wanachama wake wakubali mkataba wa mishahara. Wengi walielewa kwamba wangeona nyongeza ya asilimia 3 mara moja. Mshahara wa Julai ulipotoka, wengi waliona pungufu. Uongozi ukaomba radhi, katibu mkuu akajiuzulu, na Septemba ukaitishwa mkutano maalumu uliopiga kura ya kutokuwa na imani na uongozi. Asilimia 78 ya kura ziliunga mkono hoja. Mara nyingi kisa hiki huishia hapo, kama funzo kwa viongozi waliokaa mbali na hati za mishahara za wenzao. Mimi huwa nasoma tarakimu ya pili: waliopiga kura hawakufika asilimia 4 ya wanachama. Uwajibikaji nao unataka muda, na mtu wa zamu hana.

Kwangu mimi mabishano ya zamu au ofisi huanzia mahali pasipofaa. Tunabishana kuhusu aina ya mtu, wakati kinachopungua ni saa. Muuguzi anayeshika zamu kamili na kuongoza chama anaongoza kwa usingizi wake, kwa likizo yake, na kwa uvumilivu wa watu wa nyumbani kwake. Wachache wanaweza. Mwenye watoto wadogo hawezi, anayefanya zamu za ziada ili kulipa kodi hawezi, na anayefanya kazi katika hospitali ndogo isiyo na wa kumshikia nafasi hawezi kabisa. Wanaobaki kwenye orodha ya wagombea ni wale ambao ratiba zao tayari ni za ofisini. Hapo hakuna aliyewafungia mlango wauguzi wa zamu. Saa za kikao zimetosha kuwafungia.

Chama cha wafanyakazi kina mahali pa kushika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 inampa kiongozi wa chama kinachotambuliwa na mwajiri haki ya muda wa kiasi, wenye malipo, kwa ajili ya kazi za chama. Chama kisicho cha wafanyakazi hakina kinga hiyo, kinategemea hisani ya muuguzi mkuu. Na hisani ina bei. Kiongozi aliyeruhusiwa na mwajiri wake kuhudhuria mkutano atafikiri mara mbili kabla ya kutaja hospitali yake katika hotuba kuhusu machela za ukutani.

Ndiyo maana ningependelea chama chenyewe kinunue saa hizo kutoka kwenye ada: kiongozi apunguziwe zamu hadi nusu, isifike sifuri, na chama kifidie pengo la mshahara. Muda wa uongozi nao urefushwe. Ada itapanda, na hapo ndipo wengi wanaoshangilia uongozi wa zamu watakapopunguza makofi. Kipo pia kipingamizi ninachokiona ni kizito: fidia ya mshahara inamlipa kiongozi, haileti muuguzi mwingine kwenye zamu aliyoiacha. Siku mwenyekiti anapokwenda kueleza madhara ya kufanya kazi mkiwa pungufu, wenzake wanafanya kazi wakiwa pungufu kwa mtu mmoja, na huyo mmoja ni yeye. Chama kikitaka kuwalinda na hao, itabidi fedha iende kwa hospitali kwa sharti la kuleta mbadala mwenye ujuzi wa dharura, si yeyote aliyetolewa wodini asubuhi ile. Mbadala wa namna hiyo hapatikani kwa taarifa ya siku mbili, kwa hiyo kalenda ya vikao vya bodi ingepaswa kutoka kabla ya ratiba ya zamu. Vyama vingi hufanya kinyume chake.