Miwani ya kusomea haiuzwi kwa kukisia umri

Linaniudhi sana jambo hili la wauza miwani wa barabarani kumtazama mteja usoni, kumkadiria umri, kisha kumkabidhi miwani ya kusomea na kumwambia kwamba hiyo ndiyo yake. Ni kweli kwamba mtu akifikisha miaka 40 hivi lenzi ya jicho huwa imeanza kukakamaa, akajikuta anasogeza simu mbali ili aone maandishi. Lakini nguvu ya miwani anayoihitaji, iwe ndogo kama +1.00 au kubwa zaidi kama +2.50, hutegemea pia kazi yake na hali ya kila jicho, ilhali miwani iliyotengenezwa tayari huwa na nguvu moja pande zote mbili. Fundi cherehani anayetunga uzi kwenye sindano karibu kabisa na uso hafai kupewa miwani ile ile ya karani anayesoma kwenye kompyuta. Tena kile kibandiko cha namba kwenye kioo mara nyingi kimekwisha kubanduka! Wauzaji waweke japo karatasi yenye maandishi madogo kwa makubwa, mteja ajaribu bila kuharakishwa, na mwenye macho yasiyolingana aambiwe waziwazi kwamba anapaswa kwenda kupimwa.